Taa ya UV haiondoi moshi wala vumbi nyumbani

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie taa za UV, yaani za miale ya urujuanimno, zinazouzwa jijini Nairobi kwa madai kwamba zinasafisha hewa ya nyumba. Biashara hii ilishika kasi wakati wa korona na haijapoa. Nyingi ya taa hizo hazifanyi kazi iliyoandikwa kwenye paketi, baadhi zinadhuru macho na mapafu, na chache zilizo halali mara nyingi hufungwa mahali pasipofaa. Inaniuma kwa sababu teknolojia yenyewe ni nzuri, na katika nchi yetu ya Kenya, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) limeiweka kwenye orodha ya mataifa 30 yenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, ingeweza kuwakinga watu wengi ikitumiwa inavyostahili.

Miale ya urujuanimno imegawanywa katika makundi matatu kwa urefu wa mawimbi yake. A ni kati ya nanomita 315 na 400, B ni 280 hadi 315, na C ni chini ya 280. Inayotegemewa kuua viini vya magonjwa ni C. Taa yake ya kawaida ni tyubu yenye mvuke wa zebaki, inayotoa miale ya nanomita 254. Miale hiyo huharibu chembe za urithi za kiini, nacho hushindwa kuzaana. Ndiyo inayotumika katika mashine za kusafisha maji ya kuuzwa kwa mitungi.

Uwezo wake unaishia hapo. Moshi wa makaa, masizi ya dizeli, vumbi la barabara isiyo na lami, harufu ya rangi mpya, gesi ya kaboni monoksidi: hakuna hata kimoja kilicho na uhai wa kutolewa. Vyote hubaki hewani vilevile taa ikiwa imewashwa. Mtu mwenye pumu anayeishi karibu na jalala linalofukiza moshi, akinunua taa ya UV atakuwa amenunua mwanga tu. Na anayeingiza jiko la makaa chumbani usiku wa Julai asidhani kuna taa itakayomlinda. Makaa yaliyoiva, yasiyotoa moshi wowote, bado hutoa kaboni monoksidi isiyo na harufu, na kila msimu wa baridi tunasoma habari za watu waliolala wasiamke. Jiko litolewe nje kabla ya kulala. Hakuna njia ya mkato.

Sasa tuje kwenye bidhaa zenyewe. Kundi kubwa zaidi ni taa ndogo za LED zenye mwanga wa zambarau. Nyingi hutoa miale ya nanomita 365 hadi 405, yaani kundi la A au mwanga wa kawaida kabisa unaoonekana. Ni taa za jamii ile ile inayotumika kukagua noti bandia na kukausha rangi ya kucha saluni. Kwa hewa inayopita chumbani, hazina faida ya maana. Miale ya C haionekani kwa macho. Ule weupe wa samawati unaouona kwenye tyubu halali ni mwanga wa pembeni tu wa zebaki, kwa hiyo rangi ya mwanga haithibitishi chochote. Soma namba kwenye paketi. Kama hakuna urefu wa mawimbi, au ni zaidi ya 280, iache dukani.

Kundi la pili ni visanduku vya mezani vyenye feni na taa ndogo ndani. Hapa hata taa ikiwa halali, hesabu inakataa. Chukua kifaa ambacho feni yake husukuma mita za ujazo 150 kwa saa, na nafasi iliyo mbele ya taa ni lita 2. Kila sekunde hupita kama lita 42 za hewa, maana yake kila kiini hukaa mbele ya taa kwa sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Taa ya wati 5 hutoa takriban wati 1 ya miale ya C, na kwa umbali wa sentimita 5 nguvu yake ni kama miliwati 3 kwa kila sentimita mraba. Zidisha nguvu kwa muda: unapata dozi ya milijuli 0.15 hivi. Kuwaua tisa kati ya kila bakteria kumi wa kifua kikuu kunataka dozi kubwa mara kadhaa kuliko hiyo. Mbegu za kuvu zenye rangi nyeusi hutaka makumi ya milijuli au zaidi, kwa kuwa rangi hiyo huzikinga na miale. Kama kisanduku kina pia kichujio cha HEPA, yaani kile kinachonasa chembe laini sana za hewani, basi kichujio ndicho kinachofanya kazi, na ungeweza kununua chenye kichujio peke yake kwa bei nafuu.

Kundi la tatu ndilo linalonitia hofu: tyubu tupu za wati 15 na wati 30. Ya wati 15 ina urefu wa sentimita 45, ya wati 30 ina sentimita 90, na zote mbili huingia kwenye holda za tyubu za kawaida za ukubwa huo. Kwa hiyo mtu huondoa tyubu ya sebuleni, huweka hii, na kuiwasha watoto wakiwa wanatazama runinga. Kipimo kinachokubalika kimataifa kwa miale ya nanomita 254 ni milijuli 6 kwa sentimita mraba katika muda wa saa nane. Tyubu tupu ya wati 30, ukiwa mita moja kutoka kwayo, hutoa karibu mikrowati 100 kwa sentimita mraba. Gawanya: baada ya dakika moja tu umemaliza kiwango cha siku nzima. Mtu hasikii kitu wakati huo. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, macho yakiwasha kama yaliyotiwa mchanga, mekundu, yakitoa machozi na kukimbia mwanga. Mafundi wa jua kali wanaochomea vyuma bila miwani wanayajua vizuri. Kwa kawaida hutulia katika siku moja au mbili, lakini aliyepatwa aende hospitalini akaangaliwe, asitiwe maziwa wala dawa ya jirani.

Kuna tyubu ambazo, zaidi ya 254, hupitisha pia miale ya nanomita 185. Hii huvunja oksijeni ya hewani na kutengeneza ozoni. Wauzaji huisifu kwa harufu kali wanayoiita harufu ya usafi. Ozoni huwasha koo na mapafu, huamsha pumu, na ikikutana na manukato ya limau au msonobari yaliyomo katika sabuni za kupigia deki, hutengeneza gesi ya fomaldehaidi na chembe laini sana. Jimbo la California huko Marekani limeweka sheria kwamba kifaa cha kusafisha hewa ya ndani kisitoe ozoni inayozidi sehemu 0.050 kwa milioni. Ukiwasha kifaa ukasikia harufu inayofanana na ya mashine ya fotokopi iliyopata moto, kizime, fungua madirisha, ukirudishe kwa aliyekuuzia.

Je, kuna matumizi ya kweli? Yapo, na ni ya zamani. Kati ya 1937 na 1941 mtafiti William F. Wells na wenzake waliweka taa hizi sehemu ya juu ya madarasa karibu na Philadelphia, na surua ikapungua miongoni mwa watoto wa madarasa hayo. Majaribio ya baadaye katika shule nyingine yalitoa matokeo hafifu, na sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba watoto waliokingwa darasani walikutana na wenzao ndani ya basi. Nadhani msomaji wa Nairobi anayepanda matatu iliyofungwa madirisha yote asubuhi analielewa hilo bila kuchorewa. Mwaka wa 2015 yalichapishwa matokeo kutoka Afrika Kusini ambako simbilisi walivutishwa hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu sugu: taa zikiwashwa siku moja kwa kundi moja la simbilisi, zikizimwa siku ya pili kwa kundi jingine. Kinga ilifikia takriban asilimia 80. Katika mwongozo wake wa 2019, WHO ilipendekeza mfumo huo kwa maeneo yenye hatari kubwa ya kuambukizana kifua kikuu.

Angalia taa hizo zilikuwa wapi. Zilikuwa juu ya vichwa vya watu, zikimulika tabaka la hewa lililo karibu na dari, huku hewa ya chini ikipanda na kushuka. Hakuna aliyemulikwa, na hewa ilikaa mbele ya miale kwa muda wa kutosha, tofauti na kile kisanduku cha mezani. Anayetaka kufunga mfumo huu azingatie haya.

Dari iwe na urefu wa angalau mita 2.5, na sehemu ya chini ya taa iwe mita 2.1 au zaidi kutoka sakafuni. Taa yenyewe iwe ya aina yenye mapezi meusi yaliyopangwa karibu karibu, yanayoelekeza miale mlalo na kuizuia isishuke. Mapezi hayo humeza sehemu kubwa sana ya miale, na hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika: wati zilizoandikwa kwenye tyubu si nguvu inayotoka kwenye taa. Tyubu inayozalisha wati 12 za miale ya C ikiwa tupu inaweza kutoa chini ya wati 1 ikiwa ndani ya mapezi. Kipimo kinachotumika ni kama miliwati 12 za miale inayotoka kwenye taa kwa kila mita ya ujazo ya chumba. Sebule ya mita 4 kwa 4.5 yenye dari ya mita 2.6 ina mita za ujazo 47, kwa hiyo inahitaji kama miliwati 560. Mwuzaji asiyeweza kukutajia namba hiyo kutoka kwa mtengenezaji hajui anachokuuzia.

Hewa lazima izunguke. Feni ya dari inayosukuma hewa polepole kuelekea juu inatosha. Pasipo feni, hewa ya mgonjwa anayekohoa inaweza kukaa chini kwa muda mrefu huku ile ya juu ikimulikwa bure. Unyevu nao una lake: ukizidi asilimia 60 hivi, nguvu ya kuua viini huanza kushuka, na asubuhi za mvua za masika Nairobi hupita kiwango hicho kwa urahisi.

Baada ya kufunga, pima. Kifaa cha kupimia kiwe cha nanomita 254, si kile cha miale ya jua. Pima kila mahali mtu anapoweza kusimama, kwa urefu wa macho, mita 1.7 hadi 1.8. Mahali mtu anapokaa kwa saa nane isizidi mikrowati 0.2 kwa sentimita mraba. Ikizidi, tafuta kinachoakisi. Mabati mapya yasiyo na dari chini yake, karatasi ya fedha ya kuzuia joto, kioo kikubwa ukutani, vyote huirudisha miale chini. Rangi nyeupe ya kawaida isiyong'aa huimeza vizuri. Na kwa ajili ya watoto nasisitiza hili: chumba chenye kitanda cha deka hakifai kabisa. Mtoto wa kitanda cha juu akiketi, kichwa chake kinaingia katika tabaka linalomulikwa.

Chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi, ambacho ndicho makao ya maelfu ya familia Mukuru, Mathare na Kibera, kwa kawaida hakitimizi masharti haya: paa ni fupi upande mmoja, bati linaakisi, na stima inakatika. Sipendekezi taa hii huko, na naona ni makosa kuwauzia wakazi wake. Mahali pake hasa ni vyumba vya kungojea katika zahanati, mabweni, madarasa yaliyosongamana na kumbi za ibada zenye dari ndefu. Nyumbani, labda kwa familia yenye sebule ya vipimo nilivyotaja na mgonjwa aliye katika wiki za kwanza za matibabu. Hata hapo, dawa ndiyo kinga kuu. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi aende kupimwa. Matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya umma hayalipishwi, na akianza dawa zinazomfaa, uwezo wake wa kuambukiza hushuka upesi.

Kuna aina mpya ya nanomita 222 inayosemekana kuwa salama zaidi kwa ngozi na macho, kwa kuwa haipenyi ndani. Utafiti wake unatia moyo. Lakini nayo hutengeneza ozoni kidogo, ni ghali, na bila kichujio maalumu hutoa pia mawimbi marefu yenye madhara. Isinunuliwe kwa kuangalia picha mtandaoni.

Dirisha hufanya nini? Mwaka wa 2007 ulichapishwa utafiti uliopima vyumba 70 katika hospitali nane za jiji la Lima, Peru. Milango na madirisha yakifunguliwa, hewa ilibadilika kwa wastani wa mara 28 kwa saa. Vyumba vyenye mitambo ya hewa vilihesabiwa kuwa na mara 12. Kwa mara 6 kwa saa, asilimia 99 ya hewa iliyochafuliwa huondoka kwa dakika 46. Kwa mara 28, ni dakika kumi. Na dirisha, tofauti na taa, huondoa pia harufu, unyevu na gesi ya jikoni.

Upepo unahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Dirisha moja peke yake, mlango ukiwa umefungwa, halifanyi mengi; fungua dirisha na mlango ulio upande wa pili. Washa udi, ushike karibu na pengo, utazame moshi unaelekea wapi na kwa kasi gani. Vile vitundu vya kudumu juu ya madirisha, ambavyo watu huziba kwa magazeti baridi ikianza, viliwekwa kwa sababu. Vizibue, hata kama ni kwa kuongeza blanketi. Kwenye maghorofa ya mtaa wa Pipeline na kwingineko ambako dirisha linatazamana na ukuta wa jirani kwa umbali wa mkono, mlango wa korido ndio njia ya pekee, na wenye ploti wanaofunga korido kwa karatasi za plastiki ili mvua isiingie wanawanyima wapangaji hewa. Wakaguzi wa Kaunti wanalijua hili. Lishughulikiwe.

Pale ambapo hewa ya nje ndiyo chafu, kwa moshi wa takataka au msongamano wa magari, fungua wakati umepungua, na kama uwezo upo, nunua kifaa cha HEPA. Zidisha ujazo wa chumba kwa 5 upate mita za ujazo za hewa safi kinazopaswa kutoa kwa saa: kwa sebule yetu ya 47 ni 235. Uliza bei ya kichujio cha akiba kabla ya kununua mashine, maana vumbi letu hukiziba mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Ukungu mweusi ukutani ni suala la maji. Tafuta bomba linalovuja, paa linalopitisha mvua, au nguo zinazoanikwa ndani bila dirisha wazi. Kuumulika ukuta huo hufikia uso tu, mizizi ikabaki ndani ya plasta, na mbegu zilizokufa huendelea kuamsha aleji kama zilizo hai.

Kwa waliokwisha kufunga taa halali, utunzaji ni huu. Zima stima kwenye swichi kuu. Subiri tyubu ipoe. Ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholowekwa spiriti, kila miezi mitatu, usiiguse kwa vidole vitupu. Ibadilishe baada ya saa 9,000, yaani kama mwaka mmoja ikiwaka mfululizo. Itakuwa bado inang'aa samawati, lakini miale imepungua. Plastiki iliyo karibu nayo hugeuka njano na kupasuka, kwa hiyo kagua nyaya. Tyubu ya wati 30 ikiwaka mchana na usiku hula kama yuniti 22 za tokeni kwa mwezi. Ikivunjika, toa watu nje, fungua madirisha kwa dakika 15, usifagie kwa ufagio kwani utaisambaza zebaki. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu, umalizie kwa selotepu, utie vyote ndani ya chupa yenye kifuniko, uitenge na takataka za jikoni.

Mhariri, ombi langu kwa gazeti lako ni dogo. Kabla ya kuchapisha tangazo la taa hizi, mtake mwuzaji aandike namba nne ndani ya tangazo: urefu wa mawimbi kwa nanomita, miliwati zinazotoka kwenye taa yenyewe wala si wati za tyubu, kiasi cha ozoni, na mikrowati zinazofika kwenye macho ya mtu aliyesimama chumbani. Asiye nazo asipewe nafasi. Na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) liwadai waagizaji namba hizo hizo bandarini, kabla mzigo haujafika Nairobi.

Fundi wa mitambo ya hewa,
Nairobi